Msemaji Akinyamaza, Mwulizeni

Wajukuu zangu wa Kitui na Makueni, mnapenda wasemaji, na hamkosei kuwapenda. Mtu akishika kipaza sauti matangani, akapandisha na kushusha sauti, akataja wazee wa ukoo mmoja mmoja, hata sisi wenye mvi tunasahau jua. Hiyo ndiyo balagha, ustadi wa kumwendea mtu kwa maneno mpaka akubali. Aristotle aliiandikia kitabu zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, akasema msikilizaji huvutwa na sifa ya msemaji, na hisia zinazoamshwa moyoni mwake, na hoja yenyewe. Nawaonya kwa sababu naona mbili za kwanza zimewalewesha, na ya tatu hamwiulizi.

Tazameni mchanga wa mito yetu. Mtu wa malori huja akasema mchanga ni zawadi ya Mungu, mvua ikinyesha utarudi, na vijana wa kupakia watalipwa jioni hiyo hiyo. La malipo ni kweli kabisa. Kisha mama asiye na ufasaha wowote anauliza: mchanga ukiisha, maji tutayafukua wapi? Anajua analosema. Kiangazi mto hukauka juu, lakini maji hubaki chini ya mchanga, jua lisiyafikie, nasi hufukua tukachota kwa kibuyu. Ukibaki mwamba mtupu, mafuriko hupita mbio na mto unakuwa barabara. Makueni ilitunga sheria ya kuulinda mchanga mwaka 2015, na swali la mama yule ndilo kiini chake. Kuuliza hivyo ndiko falsafa: je, ni kweli, na tumejuaje?

Falsafa si mali ya Wagiriki. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alitoa mwaka 1969 kitabu chake kikubwa juu ya dini na falsafa za Kiafrika, na wanafalsafa Waafrika wenzake wakaipinga waziwazi hoja yake kuhusu wakati. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi naye aliwafuata wazee vijijini, akawatenga wanaokariri ya mababu na wanaoyahoji. Basi hata mimi nihojini. Mvi si ushahidi.

Ila msiwaachie walaghai ulimi. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipokuwa ikiwapokonya Wakamba ng'ombe, Muindi Mbingu alisimama akasema, na maelfu wakaenda Nairobi kudai kuonana na Gavana. Alikuwa na ukweli na alikuwa na sauti. Wakoloni walimhamishia Lamu, lakini upokonyaji ukakoma.

Baraza la bajeti likiitishwa katani, nendeni mapema. Jifunzeni kusema kwa dakika tatu bila kutukana mtu, na yule mama mwombeni awe wa kwanza kuuliza.