Kamera kifuani mwa askari

Darasani, tukisoma Surat Qaf juu ya malaika wanaoandika kila neno la mja, kijana aliniuliza: "Ustadhi, kama Waandishi wapo, kwa nini Wamarekani wanabishana kuwavika polisi kamera?"

South Carolina ilipitisha sheria hiyo mwaka 2015, baada ya Walter Scott kupigwa risasi mgongoni akikimbia. Aliyerekodi alikuwa mpita njia, kwa simu. Lakini utafiti wa Washington uliotolewa 2017, wa askari zaidi ya 2,000, haukuona tofauti ya maana katika matumizi ya nguvu. Na aliyemuua George Floyd, Mei 2020, alikuwa na kamera (Allah atulinde na moyo wa namna ile).

Hata hivyo mimi nasema zivaliwe. Kadhi hahukumu kwa kuwa malaika wameona, anataka shahidi. Tatizo ni shahidi kufungiwa kabatini na mtuhumiwa. Chicago, picha za kamera ya gari za kuuawa kwa Laquan McDonald, 2014, zilifichwa zaidi ya mwaka, mpaka mahakama ilipoamuru.

Kijana akauliza ufunguo apewe nani. Nikamwambia mahakama, si kituo cha polisi.