Ngazi Hii Ilipiwe na Nani?

Samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo twaijua tangu nasari, lakini ni nani kati yetu amewahi kuuliza: mkunjaji mwenyewe alifunzwa kukunja na nani?

Shangazi yangu amefunza chekechea mtaani kwetu miaka ishirini, katika chumba cha mabati. Alimaliza kidato cha nne na D plus yake, na enzi hizo hakuna aliyemdai zaidi. Halafu mambo yakabadilika. Katiba ya Kenya ya 2010 ilizipa kaunti elimu ya awali, na mwaka 2021 vyuo vya walimu vikaanza kupokea wanafunzi wa diploma, tiketi ya kuingilia ikiwa C ya KCSE. Mwenye shule naye akamwambia shangazi asome angalau kozi ya cheti, la sivyo aende zake.

Nilikasirika. Ati mapenzi ya mtoto nayo husomewa chuoni?

Lakini hasira yangu ilikuwa na kasoro. Mimi mwenyewe nilisomea chumba kile. Nikiwa na miaka minne nilichapwa kwa kushindwa kuandika jina langu. Juzi shangazi, daftari la chuo mkononi, aliniambia kwamba vidole vya umri ule bado ni laini. Mtoto afinyange udongo kwanza, achore, acheze. "Nilikuchapa bure, mwanangu," akasema. Alinipenda hata siku ile ya kiboko, ila hakujua.

Basi cheti si adui wa mapenzi. Mimi nikiandika hadithi mbovu, msomaji atafunga ukurasa, yaishe. Mtoto wa miaka minne hana ukurasa wa kufunga. Ana haki ya kupata mwalimu anayejua.

Swali langu ni hili: ngazi hii ilipiwe na nani? Shangazi analipa karo kwa mshahara ule ule, haujaongezwa hata thumni, na likizo zake zinaishia darasani na vijana wa rika langu. Tunaimba kwamba mtoto ni hazina ya taifa, kisha gharama ya kuilinda tunamtwika mama asiye na kitu.

Anayedai cheti na asaidie karo, aongeze mshahara, ampe muda aliyelitumikia darasa. Asipofanya hivyo, akina shangazi wataondoka mmoja mmoja, na watoto wa mabati watabaki bila mwalimu yeyote, mwenye cheti wala asiye nacho.

Au nakosea, wenzangu?