Ulevi na Upofu wa Kusoma Nyuso

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu akampa uso, na akaufanya uso huo kuwa dirisha la yaliyomo moyoni. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, ubaya wa ulevi mmeusikia mara nyingi juu ya mimbari: kwamba huondoa akili, humaliza mali na huvunja nyumba. Leo twataka kutaja dhara moja lisilosemwa sana, nalo ni kwamba mtu aliyetawaliwa na pombe hupungukiwa na uwezo wa kutambua yaliyomo nyoyoni mwa wenzake. Hutazama uso wa mkewe, wa mwanawe na wa jirani yake, asijue sawasawa uso ule unamwambia nini.

Tuanze na jambo lililotukia bara, katika nchi iliyo kando ya Mlima Kenya. Mwezi wa Mei 2014, makumi ya watu walikufa katika Embu na kaunti nyingine kwa kunywa pombe iliyotiwa metanoli, nayo ni spiriti ya viwandani. Na katika walionusurika wako waliopofuka, kwani metanoli ikiisha kuingia mwilini, ini huigeuza kuwa asidi, na asidi ile huharibu mshipa wa jicho. Watu walishtuka, na ilistahiki washtuke. Walakini uko upofu mwingine uletwao na pombe, hata ile iuzwayo dukani kwa leseni, wala upofu huu haushtui mtu, kwa kuwa macho ya mwenye nao ni mazima.

Mwaka 1999 wataalamu wa Ubelgiji, Philippot, Kornreich na wenzao, walieleza uchunguzi wao. Waliwaonyesha picha za nyuso watu waliokuwa watumwa wa pombe na wakaachishwa karibuni, na wakawaonyesha watu wengine pia: uso wa furaha, wa hasira, wa huzuni, na kadhalika. Wale wa pombe walikosea zaidi, na waliona hisia katika nyuso kuwa kali kuliko zilivyo. Na lililo zito zaidi, wao wenyewe hawakuhisi kuwa kazi ile imewashinda. Mwaka 2001 ikaelezwa kuwa hata walioacha kwa muda mrefu zaidi, sehemu ya udhaifu ule ilikuwa ingali nao. Wachunguzi wa nchi nyingine nao wameona mfano wa hayo, katika nyuso na hata katika sauti. Ni kweli kuwa yawezekana baadhi ya watu walikuwa na udhaifu huo kabla ya kunywa. Lakini hapana ubishi kwamba pombe ya miaka mingi hudhuru ubongo, na hasa sehemu ya mbele iliyo nyuma ya kipaji, ambayo kwayo mtu huizuia nafsi yake na kuwapima wenzake.

Sasa natutazame Kitabu chetu. Katika Sura ya Al-Maida, aya ya 90 na ya 91, Mwenyezi Mungu ametukataza khamri, na akatueleza kuwa Shetani ataka kwayo kutia uadui na bughudha baina yetu. Wengi husoma aya hiyo wakadhani uadui huo ni ngumi za usiku mmoja kilabuni. Kumbe uadui waweza kumfuata mtu hadi nyumbani kwake, akiwa hana hata tone kinywani.

Tupige mfano. Mtu wa Meru arudi kwake jioni. Mkewe ameshinda akichuma majani ya chai, amechoka, amenyamaza. Yeye autazama uso ule wa uchovu akauona kuwa ni dharau. Mwanawe ajibanza nyuma ya mlango kwa hofu, yeye asema, "Mtoto huyu ana kiburi." Ghadhabu yampanda kwa jambo ambalo halikuwako, na machozi yaliyoko mbele yake hayaoni. Kisha jamaa wakutana na kusema: amerogwa, ana jini, natumwendee mganga. La, ndugu zangu! Msipoteze fedha kwa hirizi na kafara. Maradhi haya yana chupa yake, na chupa mwaijua.

Wala haya si udhuru. Kikombe cha kwanza alikinyanyua kwa mkono wake, na haki ya mke aliyepigwa na mtoto aliyetishwa ni haki ya waja, haifutiki mpaka arudishe haki yao na kuwaomba radhi. Wala mke halazimiki kukaa apigwe kwa kuwa mume ni mgonjwa.

Nanyi watu wa pwani, msicheke mkasema, "Hayo ni ya bara." Huko kwa wazee wa Meru na Embu, pombe ya asali iliyochachushwa kwa tunda la muratina ilikuwa na mipaka yake: ilikuwa ya wazee na ya shughuli, na kijana hakuachiwa aishike. Sisi tulioharimishiwa tone na pipa, je, vijana wetu hawaonekani penye mnazi? Na chupa hazifichwi katika mitaa yetu?

Na liko kosa jingine letu. Mlevi akitubu na kuja msikitini, twamwonya kwa nyuso: huyu amkunjia uso, huyu ageukia upande. Twadhani tumemfunza adabu, nasi twazungumza naye kwa lugha ambayo ulevi umempunguzia fahamu yake. Yeye huona chuki mara mbili ya ile iliyoko, akarudi kwa waliomchekea kilabuni. Mtume (S.A.W.) aliletewa mtu aliyeadhibiwa mara kwa mara kwa kunywa, mmoja katika waliohudhuria akamlaani, naye Mtume akamkataza, akashuhudia kuwa mtu yule ampenda Mungu na Mtume wake. Na ametufunza kuwa kumkunjulia ndugu yako uso ni sadaka.

Basi yatupasayo ni haya. Mwenye kuzoea kunywa sana, siku atubuyo na aende hospitali siku hiyo hiyo, kwani kuacha ghafula bila ya tabibu huweza kuleta kifafa na hata mauti. Akiisha kuacha, asiuamini upesi uso auonao, na aulize kabla ya kughadhibika: "Je, umenikasirikia?" Nao walio nyumbani na wamwambie kwa ulimi ulio wazi: "Nimechoka, sikukasirika." "Mtoto anakuogopa." Na jamaa wa msikitini wamwamkie kwa jina lake, wamwitikie salamu kwa sauti, wamfanyie nafasi katika safu.

Toba hufuta dhambi kwa rehema za Mola. Lakini jicho la moyo lililodhurika hutaka muda, na hutaka watu wa kulifunza upya. Mwenyezi Mungu atulinde sisi na vizazi vyetu, na awarudishe waliopotea, na atujaalie tusiwe sisi tuliowafungia mlango. Amin.