Toba Isiyofuta Historia

Sisi Wasabato wa Upare tumelelewa na habari za vitabu vya mbinguni. Wamisionari kutoka Ujerumani walifika Giti mwaka 1903, na mtoto wa milimani akisomeshwa Danieli sura ya 7 anajua mapema kuwa matendo yake yanaandikwa. Anafundishwa pia kwamba akitubu, dhambi yake hufutwa. Hufutwaje? Swali hili hunijia hapa Same mjini, nikiandika programu ya hesabu za chama kidogo cha akiba cha wakulima wa tangawizi.

Kumbukumbu za mabadiliko ya programu hiyo zinatunzwa na Git, zana aliyoibuni Linus Torvalds mwaka 2005. Wengi wetu tulianza nayo kwenye dirisha jeusi, kwa amri za kukariri. Leo imo ndani ya kihariri chenyewe tunachoandikia programu. Katika Visual Studio Code nikiongeza mstari, ukingoni hutokea ufito wa kijani. Nikiubadili uliokuwepo, wa bluu. Nikiufuta, hubaki pembetatu ndogo nyekundu. Naipenda sana pembetatu hiyo. Nikiibofya, maneno niliyoyaondoa yanafunguka palepale.

Kosa likishaingia kwenye historia, lina tiba mbili. Unaweza kuongeza komiti mpya, yaani badiliko lililohifadhiwa, inayotengua ile mbovu, zote zikabaki na majina na tarehe zake. Au unaandika historia upya, kana kwamba hakuna aliyekosea. Lakini alama ya kila komiti hukokotolewa pamoja na alama ya iliyoitangulia. Ukigusa moja ya nyuma, zote zilizofuata hubadilika, na wenzako wanabaki na historia isiyolingana na yako.

Mtunza hazina wetu, mama kutoka Mamba, hana habari na Git. Akikosea kwenye daftari hupiga mstari mmoja, tarakimu ya zamani ikisomeka, huandika iliyo sahihi juu yake, kisha hutia saini. Wanachama wanamkabidhi fedha zao bila wasiwasi.

Naamini Mungu husamehe namna hiyo. Daudi alisamehewa kosa la kumtwaa mke wa mtu, lakini Mathayo, akiandika ukoo wa Yesu katika sura ya kwanza, hakuacha kumtaja mke wa Uria. Hukumu iliondolewa, habari ikaachwa. (Nenosiri la mwanachama likiingia kwenye historia, hilo nalibadilisha na kulifuta hata komiti zikivurugika, kwa kuwa linamdhuru asiye na hatia.)

Kwa hiyo sipendi kuona, katika menyu ya kitufe cha kukomiti, amri ya kubadili komiti iliyopita ikikaa chini tu ya amri ya kukomiti. Kabla hujatuma kazi kwa wenzako haina ubaya. Baada ya hapo, mnaotengeneza vihariri, iwekeni mbali na iulize mara mbili, na kutengua kwa uwazi kuwe ndiyo njia ya karibu. Nanyi vijana wa Same mnaojifunza kazi hii, mkikosea, tengueni kosa hadharani na mwache majina yenu yasomeke.