Aliyekulaza Jana Anabisha Mlangoni Leo

Masomo: Isaya 58:6-7, Matayo 25:35, Luka 2:7



Sisi mashemasi tunaomba kusema neno juu ya wageni wanaolala katika nyumba ya mbao iliyo nyuma ya hekalu letu hapa Goma. Manung'uniko yamezidi. Wengine wanasema wageni hao wamekaa siku nyingi. Wengine wanasema choo kimejaa. Wanakwaya wanasema hawana tena pahali pa kujifunzia nyimbo. Yote hayo ni kweli, wala hatukuja kuyakana. Lakini Baraza la parokia litakaa kukata shauri, kama nyumba ile ifungwe ao iendelee. Kabla ya shauri hilo, tunataka kuungama kosa letu wenyewe mbele yenu.

Ilikuwa mwezi wa pili wa mwaka 2024. Vita vilikuwa vimefika Sake, na watu wa kule walifuata barabara kuja Goma, wengine kwa miguu, wengine wakisukuma chikudu, magodoro kichwani na watoto mgongoni. Usiku mmoja mvua kubwa ilinyesha. Mama mmoja alibisha kwenye lango letu akiwa na watoto watatu. Sisi tuliokuwa kwenye zamu tulimwuliza maswali matatu: Unasali wapi? Nani anakufahamu hapa? Una barua ya mchungaji wako? Hakuwa na majibu ya kututosha. Tukamwambia arudi kesho, ofisi ikifunguliwa. Tukafunga lango, tukarudi ndani kumalizia maombi ya usiku. Na mjue, wapendwa, usiku ule tulikuwa tunawaombea wakimbizi.

Asubuhi tulimkuta kwenye kibaraza cha duka, amewafunika watoto kwa kitenge chake kilicholowa maji. Mdogo wao alikuwa na homa kali. Yule mama hakututukana. Alisema tu: "Mwaka ule wa volkano, watu wa Goma walijaa kwetu Sake. Nyumbani mwangu walilala watu kumi na mmoja. Sikumwuliza hata mmoja anasali wapi."

Ndugu zetu, neno lile lilituchoma kuliko hubiri lolote, maana lilikuwa kweli. Wengi wenu mlikuwako. Tarehe 22 mwezi wa tano mwaka 2021, Nyiragongo ilipasuka na moto ukashuka mpaka Buhene. Siku tano nyuma yake, amri ilitoka kwamba kartie kumi za mji zihame. Tulitoka maelfu kwa maelfu, wengine Gisenyi, wengine Minova, wengine Sake. Tulilala katika masomo, katika makanisa yasiyo yetu, na katika nyumba za watu tusiowajua majina. Walitupa maji na mihogo, wakatutandikia vitenge vyao. Na kabla ya hapo, tarehe 17 mwezi wa kwanza mwaka 2002, moto ulipopita katikati ya mji mpaka ziwani, ni nani kati yetu wazee ambaye hakulala nje? Katika Goma hii hakuna mtu wa kusema: mimi sikupata kuwa mkimbizi. Kwa hiyo Mungu aliwaagiza Waisraeli wampende mgeni, akiwakumbusha kwamba wao pia walikuwa wageni Misri.

Tena sisi ni watoto wa imani ya manabii. Tunajua habari za mtumishi wa Mungu Simon Kimbangu. Alianza kazi kule Nkamba mwezi wa nne mwaka 1921. Mwaka ule ule alikamatwa, akakaa kifungoni Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mpaka kufa kwake tarehe 12 mwezi wa kumi mwaka 1951. Wafuasi wake Wabeleji waliwang'oa kwao wakawatupa mbali, kama Lowa na Oshwe, kati ya watu wa lugha nyingine. Walifikiri imani itakufa njiani. Lakini waliofukuzwa waliipanda kule kule walikopelekwa. Basi, kanisa lililozaliwa na watu waliofukuzwa litamfukuzaje aliyefukuzwa?

Tangu asubuhi ile tuliyatupa maswali yetu matatu. Sasa tunauliza mengine: Jina lako nani? Nani kati yenu ni mgonjwa? Mmekula? Jina tunaliandika katika kaye ya zamu, basi. Wamama na watoto wanalala upande mmoja, wababa upande mwingine, na shitingi imetenganisha. Kila mtu anapewa kirago. Maji yanatiwa dawa kabla ya kunywa, kwa sababu sote tunajua kipindupindu kimezika wangapi mjini humu. Asubuhi kila mgeni mwenye nguvu anashika ufagio, hata shemasi naye anashika.

Mwezi wa pili wa mwaka 2025, kambi zilizouzunguka mji zilivunjwa. Wengi walirudi kwao. Wengine walifika wakakuta nyumba ni majivu, wakarejea. Hao ndio mnaowaona nyuma ya hekalu.

Sasa tujibu manung'uniko. Juu ya choo: ardhi yetu ni mawe ya volkano, na shimo moja linakula majuma mengi ya baramini na nyundo. Tunaomba vijana wajigawe kwa zamu, na sisi mashemasi tutaanza siku ya kwanza. Juu ya kwaya: hekalu lenyewe liko wazi Jumanne na Ijumaa jioni. Mwimbe humo, wageni watawasikia na watoto wao watalala vizuri. Juu ya siku nyingi: hapa wanaolalamika wana haki. Nyumba ya kulaza wageni si mwisho wa safari. Mtu hapaswi kuzeekea kwenye kirago cha kanisa. Lakini atatokaje, ikiwa mwenye nyumba anadai garanti ya miezi mingi naye hana makuta hata ya makala? Kwa hiyo tunaleta shauri: wababa wachukue jamaa moja, wamama moja, vijana moja. Katika mashindano ya matoleo, kila kundi likusanye garanti ya jamaa yake, pamoja na kitu kidogo cha kuanzia biashara.

Yule mama wa Sake alitoka kwa njia hiyo. Leo anauza ndizi, na amepanga chumba kimoja. Hakuwa mshiriki wetu, na mpaka leo anasali kwao. Msisikitike kwa hilo. Hatukumpokea ili tumpate. Lakini kila Jumamosi anakuja bila kuitwa, anawatwangia wageni sombe. Mtoto wake alipona, asifiwe Bwana. Kama asingalipona, tungalisema nini leo mbele yenu?

Nabii Isaya anatufundisha kwamba Mungu hapendezwi na kufunga kwa watu wanaoinamisha kichwa huku maskini asiye na makao anabaki nje. Usiku ule tulifunga kula, tukafunga na lango. Mungu hakuyapokea maombi yale, tunaamini hivyo. Na Luka anatuonyesha kwamba Bwana wetu mwenyewe alizaliwa pahali pa wanyama, kwa sababu nyumba ya wageni haikuwa na nafasi.

Wapendwa, Baraza litakapokaa, msifikiri tu juu ya choo na kwaya. Fikirini juu ya mlango uliofunguliwa kwenu Sake, Minova ao Gisenyi. Mlima ungali unatoa moshi. Hatujui ni usiku gani tutabisha tena.

Ee Mungu wa baba zetu, utusamehe lango tulilofunga. Utupe mikono ya kufungua kabla hatujauliza. Amina.