Pilipili Niliyomlisha Mwenzangu

Wahenga walituachia methali: pilipili usiyoila yakuwashiani? Maana yake tunaijua sote. Jambo lisilokuhusu liache, usijitie kimbelembele. Shuleni tuliiandika kwenye insha mpaka ikachuja kama kanga ya kila siku. Lakini ndugu msomaji, ipo pilipili iliyoliwa na mtu mwingine, na mpaka leo inaniwasha mimi.

Ilikuwa siku ya msaragambo hapa kwetu Msangeni. Kwa msomaji asiye wa Upare, msaragambo ni kazi ya pamoja: watu wanatoka na majembe, wanachimba barabara, wanazibua mfereji, hakuna anayelipwa. Siku hiyo walikuwa wanatoa tope kwenye ndiva, na zamu ya kuwapikia ilikuwa ya nyumba yetu. Mama alikuwa ameitwa msibani tangu alfajiri. Jikoni nikabaki mimi na sufuria kubwa la makande.

Mahindi yaliyokobolewa na maharage vilikuwa vimelowekwa tangu jana yake. Nikachochea kuni, nikakaanga vitunguu, mambo yakaenda vizuri. Sasa bwana, tatizo langu ni moja. Mimi makande yasiyo na pilipili naona kama maji ya kunawia. Nikachuma pilipili kichaa nyuma ya banda, mkono mzima, nikatwanga, nikamwaga. Nikaonja, nikatabasamu. Nilitaka watu wafurahi. Naomba hilo likumbukwe: nilitaka wafurahi.

Vijana walikula wakavuta makamasi na kunisifu. Mjomba akasema huyu sasa ndiye mpishi. Lakini siku hiyo nyumbani alikuwepo pia mama mkwe wa dada yangu, aliyetoka Korogwe kuja kwetu kwa mara ya kwanza. Aliketi kwenye kiti cha heshima, sahani mapajani. Nilimwona akijifuta jasho kwa ncha ya khanga. Nikamuuliza, "Mama, chakula kinapanda?" Akajibu, "Kizuri sana mwanangu, Mungu akubariki." Akamaliza sahani yote, hakubakiza hata punje.

Usiku ule hakulala. Dada ndiye aliyeniambia baadaye, tena kwa sauti ya chini, kwamba mkwewe ana vidonda vya tumbo vya miaka mingi.

Hebu tujiulize: nani alikosa?

Jibu la kwanza, na ndilo nililolikimbilia mimi, ni kwamba alikosa yeye. Kwani ana mdomo wa nini? Angesema. Lakini jibu hili halina miguu. Mgeni wa ukweni anasemaje? Akatae chakula cha wakwe mbele ya wanaume waliotoka kwenye tope? Adabu iliyomfundisha kushukuru ndiyo iliyomfunga kinywa. Kadiri alivyokuwa mtu wa heshima, ndivyo alivyoumia zaidi. Tukimlaumu, tunasema kwamba angeumia kidogo kama angekuwa na adabu kidogo.

Jibu la pili ni la mjomba: "Pilipili haiui mtu, angejikaza." Hapa niliona nitafute kidogo kwenye maandishi. Ukali wa pilipili unatokana na kemikali iitwayo kapsaisini. Mwaka 1912 Mmarekani Wilbur Scoville alibuni njia ya kuupima: aliuzimua mpaka waonjaji wasiusikie tena. Maana yake kipimo chenyewe kilikuwa ulimi wa binadamu, na ndimi hazilingani. Mwaka 1997 watafiti wakiongozwa na David Julius huko California walionyesha kwamba kapsaisini inagusa mlango uleule wa neva unaotupasha habari za moto wa kweli. Mwaka 2021 Julius alipata Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo mtu akisema "naungua", hatanii. Mwili wake unaambiwa kuna moto. Anayekula pilipili kila siku neva zake huzoea, asiyezoea huungua. Mjomba hakuwa na ujasiri kumzidi yule mama. Alikuwa na mazoea.

Wala tusijidanganye kwamba ukali ni mila yetu ya tangu Adamu. Pilipili asili yake ni Amerika, ilisambaa duniani baada ya safari za Columbus zilizoanza mwaka 1492. Mahindi nayo ni ya huko, maharage vilevile. Sufuria zima la makande ni wageni watupu waliokaribishwa wakakaa!

Jibu la tatu ndilo lililoninyima usingizi. Tumefundishwa kanisani na msikitini kwamba umtendee mwenzako kama unavyopenda kutendewa wewe. Basi mimi nilifanya hivyohivyo! Napenda pilipili, nikampa pilipili. Niliitii kanuni neno kwa neno, na kwa utii huo nikamuunguza mzazi wa watu. Je, kanuni ni mbovu?

La hasha. Nadhani niliisoma kwa tumbo langu. Kama kweli ningejiuliza napenda nitendewe nini, jibu lisingekuwa pilipili. Jibu lingekuwa: napenda mwenye nyumba anifikirie mimi kama nilivyo, asinilishe ulimi wake. Mwanafalsafa Mgiriki Aristotle aliliona jambo hili zamani sana. Katika maandishi yake ya maadili anatoa mfano wa chakula: kiasi cha katikati hakipatikani kwa kujumlisha na kugawanya, kwa sababu kinachomtosha mtu anayeanza mazoezi ni kidogo mno kwa Milo, bingwa wa mieleka. Ningetia nusu ya pilipili nisingemaliza tatizo. Yule mama angeungua nusu, na vijana wangenung'unika wote.

Mama aliporudi nilimweleza yote. Nikasema, "Mama, kumbe ilitakiwa nimuulize mapema." Mama akacheka. "Wee mtoto! Ungemuuliza mgeni wa ukweni anakula pilipili au hali, angekujibu nini? Angekujibu anakula kila kitu."

Hapo nikakwama kweli. Kuuliza kwa mdomo ni kumlazimisha mtu achague kati ya tumbo lake na heshima yake, tena hadharani. Kutouliza ni kumchagulia.

Mama akaendelea kumenya ndizi. Baadaye akasema, kama vile anaongea na kisu, "Pilipili ikae pembeni. Anayetaka atachota."

Ndugu msomaji, usilidharau neno hilo kwa kuwa limetoka jikoni. Kibakuli cha pilipili kilichowekwa kando ni swali lisilotamkwa, na anayelijibu halazimiki kufumbua mdomo. Hakuna anayemtazama nani kachota na nani kapitisha. Tena kuna jambo jingine: aliyekosa ukali anaweza kuuongeza, lakini aliyezidishiwa hawezi kuutoa sufuriani. Hasara mbili hizi si sawa. Mpishi asiyejua ndimi za watu wake aelekee upande ule ambao kosa linarekebishika.

Ninakiri kwamba hata hapo haki haijakamilika. Pilipili ya kunyunyizia si sawa na iliyoiva pamoja na maharage, na mjomba hulisema hilo kila mara, naye ana haki. Mama humfariji kwa kuweka pilipili mbuzi moja nzima juu ya makande yanapokaribia kuiva, na kikonyo chake, kisha anaitoa kabla haijapasuka. Harufu inabaki, ukali unaondoka nayo. Lakini mjomba bado anapoteza kitu. Nasema tu kwamba kinachopotea kwake ni raha, na kwa mwingine ni usingizi.

Ndiva waliyokuwa wanaitoa tope siku ile ilijengwa kwa akili hiyohiyo. Maji yanakusanywa pamoja, na kazi ya kuyatunza ni ya wote, lakini kila mmoja zamu yake ikifika anayafungulia kwenye shamba lake. Hakuna aliyewahi kusema kwamba ili tuwe wamoja, mashamba yote yalowe sawasawa. Umoja wetu uko kwenye tope na majembe. Ya nini tuutafute kwenye ndimi?

Yule mama alikuja tena mwaka uliofuata. Nilipika makande mimi, nikaweka kibakuli mkekani. Kilipomfikia, alikipokea kwa mikono miwili, akampa kijana wa pembeni bila neno, na mazungumzo yakaendelea. Mimi nilikuwa mlangoni nikijifanya natafuta mwiko.

Baada ya muda aliniita. "Mwanangu," akasema, akinyoosha sahani, "hebu niongeze kidogo."

Mwaka ule wa kwanza hakuongeza. Alimaliza tu.