Kahawa ya Faraghani

Masufii wa Yemeni, katika karne ya 15, walikunywa kahawa ili usingizi usiwakatize dhikri zao za usiku. Na ijapokuwa mwaka 1511 Khair Beg, liwali wa Makka, aliwakusanya wanazuoni ikaharimishwa, amri ile haikudumu. Leo mtu wa Milano, faraghani kwake, husaga buni iliyokaangwa, hushindilia gramu 18 katika kichujio, na kwa mkandamizo wa maji ulio mara 9 ya ule wa hewa, kwa muda wa nusu dakika hivi, hupata mafunda mawili matatu yenye povu la hudhurungi.

Je, starehe hii ni israfu? Siioni hivyo, ingawa bei ya mitambo ya kahawa hii, haki isemwe, yaweza kumtahayarisha tajiri. Ajuaye kwamba buni ikisagwa kwa chembe kubwa maji hupita upesi na kahawa huwa kali kwa uchachu, na ikisagwa laini mno uchungu huzidi, hulazimika kuhudhuria kwa moyo wote, na hudhuri ya moyo ndiyo waliyoitafuta masufii. Hoja yangu huchechemea mahali pamoja: wao walichota katika chombo kimoja, kikombe kikipita mkono kwa mkono.